Adage au proverb: neno lipi la Kiingereza litambulishe methali zetu?

Mtu wa Mwanza anayeandika kwa Kiingereza, awe mwanafunzi wa sekondari anayetunga insha, mwanahabari, mfasiri wa hotuba ya mgeni rasmi, au mwongoza wageni katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora kule Kisesa, hufika mahali ambapo kichwani mwake yameshapita maneno "wahenga walisema", na sasa hana budi kuchagua neno la Kiingereza la kuitambulisha kauli hiyo. Yaliyopo ni mengi: proverb, adage, saying, maxim, aphorism, saw, motto. Kamusi nyingi hulifafanua moja kwa kutumia jingine, na anayezifungua kwa haraka hutoka akiamini kwamba yote ni mamoja. Kwa maoni yangu linaloonewa zaidi ni adage. Mara nyingi huwekwa kwa sababu tu mwandishi ameona kwamba proverb ni neno la shule ya msingi, naye anataka sentensi yake ivae suti. Ulinganisho huu umejikita katika hayo mawili, na mengine yanaguswa kwa kadiri yanavyosaidia kuamua.

Historia ya maneno yenyewe inaeleza kwa nini hayapokewi kwa namna moja. Proverb liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14, kutoka Kilatini kwa kupitia Kifaransa, na likazoeleka kwa watu wote kwa sababu ndilo jina la kitabu cha Biblia ambacho sisi tunakiita Mithali. Adage lilikuja baadaye, katika karne ya 16, likitokana na neno la Kilatini adagium, na lilipitia mlango wa wasomi. Mwaka 1500 Erasmus, mwanachuoni wa Rotterdam, alichapisha mjini Paris mkusanyiko wa semi mia nane hivi za Kigiriki na Kilatini pamoja na maelezo yake. Toleo lililotoka Venice mwaka 1508 lilikuwa na semi zaidi ya 3,000, na hadi alipofariki mwaka 1536 zilikuwa zimepita 4,000. Mkusanyiko huo ulijulikana kwa jina la Adagia, na ulisomwa sana na wanazuoni wa Ulaya. Kwa hiyo proverb lilikulia kanisani na sokoni, ilhali adage lilikulia maktabani, na tofauti hiyo ya malezi inasikika hadi leo katika sikio la Mwingereza, hata pale anaposhindwa kuieleza.

Katika matumizi ya sasa, tofauti ya kwanza ya kuangalia ni picha. Neno proverb huvuta fikra kwenye kauli fupi inayosema jambo moja ikiwa na maana ya jambo jingine, na ambayo ndani yake mna onyo au shauri. "Samaki mkunje angali mbichi" ni mfano ulio wazi. Mzazi anayeitamka pale Kirumba, hatua chache kutoka Mwaloni ambako sangara na dagaa vinashushwa kila siku, hazungumzii samaki hata kidogo, bali anazungumzia mtoto wa jirani anayeanza kurudi nyumbani usiku. Ukiiandika kwa Kiingereza, iite proverb bila kusita. Adage, kwa upande wake, haidai picha. Hiyo ni kauli ambayo watu wameikubali kuwa kweli kwa sababu imesemwa na kujaribiwa kwa muda, na maana yake inaweza kuwa ile ile iliyo juu ya maneno. "Kuishi kwingi ni kuona mengi" haina samaki, haina ufa wala ukuta, inasema inachosema. Hapo adage linakaa vizuri. Shuleni kauli zote mbili tulifundishwa kwa jina moja la methali, na kwa Kiswahili hilo halina kasoro, lakini Kiingereza kinakupa nafasi ya kuzitenganisha ukitaka.

Nasema ukitaka kwa sababu kuita "Kuishi kwingi ni kuona mengi" proverb si kosa. Kosa liko upande wa pili, pale mtu anapoziita methali zote za picha kwa jina la adage, kisha msomaji wa Kiingereza akajiuliza kwa nini maneno ya bibi yameandikwa kama maneno ya profesa. Asiyekuwa na muda wa kupima kila kauli na achague proverb, kwa maana hatari ya kukosea ni ndogo.

Tofauti ya pili, ambayo mimi naiona kuwa na msaada zaidi kuliko ile ya picha, ni ya nani mwenye kauli. Proverb huhesabiwa kuwa mali ya watu fulani, kabila au taifa. Waingereza husema a Swahili proverb, a Sukuma proverb, a Chinese proverb, na African proverb ni maneno yaliyozoeana kiasi kwamba ukiandika African adage msomaji atasimama kidogo. Adage hupenda kuhusishwa na kazi au taaluma. Kuna adage za wanasheria, za madaktari, za mafundi, za wafanyabiashara. Mwanafunzi wa uandishi wa habari pale Nyegezi bila shaka ameisikia ile isemayo kwamba mbwa akimng'ata mtu si habari, bali mtu akimng'ata mbwa ndiyo habari. Hiyo haina kabila. Imezaliwa katika vyumba vya habari, inatumiwa na watu wa kazi hiyo kufundishana kazi hiyo, na kwa Kiingereza itaitwa adage, wala hakuna atakayeiita proverb ya Wamarekani.

Madaktari nao wanayo moja mashuhuri, inayohusishwa na Theodore Woodward, aliyekuwa profesa wa tiba katika jimbo la Maryland nchini Marekani: ukisikia mlio wa kwato, fikiria farasi, usifikirie pundamilia. Maana yake ni kwamba daktari mchanga aanze kuuwazia ugonjwa wa kawaida kabla ya kuurukia ule wa nadra. Anayeitafsiri kwa ajili ya wasomaji wa huku ana kazi ya ziada, kwa sababu ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma unafika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na ndani ya lango hilo mwenye kusikia kwato akawaza farasi ndiye atakayechekwa. Ningeigeuza bila aibu, farasi akae mahali pa pundamilia, kwa kuwa adage huishi kwa ukweli wake, na ukweli huo ukigeuka uongo mahali unapoipeleka haitamfaa tena mtu yeyote.

Wapo wanaodhani kwamba kinachotenganisha adage na mengine ni uzee, na fikra hiyo huenda inasaidiwa na tahajia, maana ndani ya neno adage macho huona age, yaani umri. Kwanza, halitamkwi hivyo. Mkazo uko kwenye silabi ya mwanzo na mwisho wake husikika kama mwisho wa village au message, jambo ambalo washereheshaji na wasoma risala wanapaswa kulijua kabla ya kushika kipaza sauti. Pili, mizizi yake ya Kilatini inahusu kusema, wala haihusu miaka. Na tatu, Kiingereza cha leo huita adage hata kauli ambazo wenyewe waliozitunga tunawajua na miaka yake tunaijua. Cyril Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 katika gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka hadi ikajaza muda wote uliotengwa kwa ajili yake, na leo kauli hiyo ni adage ya maofisi ya dunia nzima. Ile inayosema kwamba lolote linaloweza kuharibika litaharibika, ambayo Waingereza huiita sheria ya Murphy, nayo ni ya karne ya 20. Hizi haziwezi kuitwa proverb bila kumshangaza msomaji, kwa kuwa hazikutoka katika kinywa cha jamii yoyote, lakini zimekubalika na zinarudiwa, na hilo linatosha kuzifanya adage.

Kutokana na hayo unazuka ugomvi wa maneno old adage. Walinzi wa lugha husema kwamba ni kurudia jambo moja mara mbili, kwa kuwa adage tayari ina ukale ndani yake. Upande wa pili hujibu kwamba waandishi wamekuwa wakiyaunganisha maneno hayo kwa karne nyingi, na kwamba tukishakuwa na adage changa kama za Parkinson, si vibaya kuitaja kongwe kwa ukongwe wake. Mimi niko na upande wa pili kwa hoja, ila kwa uandishi nashauri old iondolewe, kwa sababu katika hotuba zetu maneno the old adage yamechakaa kuliko kauli zinazoyafuata.

Mtu makini atapinga jambo moja katika ninayoyasema, naye atakuwa na ushahidi mzuri. Mahali ambapo neno adage linajulikana zaidi katika fasihi ya Kiingereza ni katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, kwenye kitendo cha kwanza, onyesho la saba, ambapo Lady Macbeth anamsuta mumewe anayetamani kiti cha ufalme lakini anaogopa kuua, na kumfananisha na yule paka maskini wa kwenye adage. Paka huyo alitamani samaki lakini hakutaka kulowesha miguu. Hiyo ni picha tupu, tena ni picha ambayo mtoto yeyote aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaielewa bila maelezo, na kwa kipimo changu ingepaswa kuitwa proverb. Jibu ni kwamba wakati wa Shakespeare maneno hayo mawili yalikuwa bado yanatembea pamoja, na adage lilibeba picha kama lilivyozibeba katika vitabu vya Erasmus. Yameachana polepole baadaye, na hata sasa hayajaachana kabisa. Anayetafsiri maandishi ya zamani asitegemee kigezo cha picha; anayeandika barua leo anaweza kukitegemea.

Paka huyo anafaa pia kuonyesha safari ya kurudi, yaani kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, ambako wafasiri wengi huandika methali kila waonapo adage. Kwa paka wa Macbeth, methali ni sawa, na tunayo yetu inayokaribiana naye sana: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kauli ya Parkinson ukiiita methali utakuwa umempotosha msomaji, ambaye atadhani iko jamii fulani yenye hekima hiyo. Iite kanuni, au msemo wa maofisini. Kauli za taaluma, kama ile ya mbwa na mwandishi wa habari, ningeziita misemo. Zipo pia zilizotafsiriwa hadi zikapata uraia, mfano "Kinga ni bora kuliko tiba", ambayo leo imeandikwa kwenye kuta za vituo vya afya na haina haja ya kuelezwa ilikotoka; hiyo iachwe ijitambulishe yenyewe.

Namna ya kuijenga sentensi nayo hutofautiana, na hapa ndipo Kiingereza cha mtu hujulikana. Adage hufuatwa kwa urahisi na that na kauli ikaendelea ndani ya sentensi ile ile, kwa sababu ni dai linaloweza kuelezwa kwa maneno mengine. Proverb hupenda kunukuliwa ilivyo, ndani ya alama za mtajo, kwa kuwa maneno yake yenyewe ndiyo yenye thamani. Ukiandika "Haba na haba hujaza kibaba", weka Kiswahili kwanza, kisha tafsiri yake, maana mapigo ya haba na kibaba hayavuki kwenda Kiingereza, na msomaji anastahili angalau kuyaona. Maneno "Waswahili husema" yanakuwa a Swahili proverb says, au as the Swahili saying goes. Maneno "wahenga walisema" ni magumu kidogo. Yakipelekwa neno kwa neno yanamfanya msomaji wa Kiingereza awaze mizimu na makaburi, wakati sisi tunawataja wahenga kama mtu anavyosafisha koo kabla ya kusema. Hapo as the adage goes inaweza kufaa, kwa kuwa ina kauzito kake, mradi kinachofuata kiwe kauli nyoofu isiyo na picha.

Lipo neno saying, nalo ndilo kimbilio la mwenye mashaka. Ni la Kiingereza asilia, halina majivuno, na linakubali karibu kila kitu: methali, misemo ya mitaani, majibizano ya vijana. Kwa maandishi ya kanga ndilo ningelichagua kila mara. "Japo sipati, tamaa sikati" si methali ya wahenga na wala si adage ya taaluma yoyote. Ni jina la kanga, na mara nyingi ni ujumbe kutoka kwa mtu anayejulikana kwenda kwa mtu anayejulikana. Kuiita proverb mbele ya mgeni ni kumnyima utamu wa jambo. Maandishi ya nyuma ya daladala na ya ubavuni mwa mitumbwi nayo yaingie humo humo.

Nahau isichanganywe na haya yote. "Kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa" hubadilika kwa nafsi na wakati, amenipaka, watatupaka, jambo ambalo methali haikubali kufanyiwa. Kwa Kiingereza ni idiom, na kuiita adage ni kosa lisilo na mjadala.

Maxim ni kauli inayoamuru mwenendo, na makao yake makubwa ni sheria. Wakili anayesimama mbele ya Mahakama Kuu hapa Mwanza akasema kwamba anayekuja kudai haki sharti aje na mikono safi anataja maxim, kanuni iliyotoka katika mahakama za Uingereza za usawa wa haki, na jaji anaweza kuamua shauri kwa kuitegemea. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kauli za namna hii zinahitaji Kiswahili kinachoeleweka, na hapo neno ni kanuni. Methali itamfanya mdaawa adhani kwamba wakili wake anapiga soga.

Aphorism nayo ina mwenyewe anayejulikana: mwanafalsafa, mshairi, mganga kama Hippocrates wa Ugiriki. Hili na saw yanakutana katika jambo linalotuhusu moja kwa moja, kwa kuwa mwaka 1891 mmisionari William Ernest Taylor, aliyefanya kazi Mombasa, alichapisha London mkusanyiko wa methali za Kiswahili akauita African Aphorisms. Or, Saws from Swahili-land. Ni kazi yenye heshima, na kwa Kiingereza cha wakati wake jina hilo halikuwa na ubaya. Kwa sikio la leo linakwaruza mara mbili. Aphorism linadai mtunzi, na methali zile hazina mtunzi. Saw, ambalo pia ni jina la msumeno, siku hizi husemwa kwa dharau kidogo, kama mtu anayesema "yale yale ya siku zote". Ukimsikia Mwingereza anasema an old saw, jua kwamba kauli yenyewe imemchosha. Usilitumie kwa methali unayoiheshimu.

Motto linategemea mahali, na kauli yenyewe inaweza kuwa ya aina yoyote. "Uhuru na Umoja" ni motto ya taifa na haijawahi kuwa methali. "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilikuwa kaulimbiu ya kampeni, na kwa Kiingereza ingeitwa slogan. Lakini chukua "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu". Mzee akiitamka kwenye kikao cha ukoo, mtafsirie kuwa proverb. Chama cha ushirika cha wavuvi kikiichapisha chini ya nembo yake kwenye karatasi za barua, maneno ni yale yale, ila mfasiri wa barua hiyo ataandika motto, na mwenyekiti akiitaja tena kwenye hotuba ya mkutano mkuu huku akiwakumbusha wanachama kwamba ni maneno ya wazee wao, itarudi kuwa proverb.